Nchi Ambayo Wagonjwa Wote Hawajambo

"—wote! Wote, Mama, nchi nzima! Wagonjwa wote wa saratani hawajambo! Si mmoja, si wawili, wote, na aliyetangaza ni Waziri mwenyewe, redioni, huku bendi inapiga!"

Zamda alikuwa hajafika hata kitandani. Yuko bado mlangoni mwa wodi, pochi inaning'inia kwenye kiwiko, kiatu kimoja kinataka kumvuka, na maneno yanamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Ndivyo alivyo binti huyu, habari haimkai tumboni. Kamaliza chuo juzi tu, stashahada ya takwimu, kaajiriwa Rejista ya Saratani ya Hospitali Kuu, na kila akitoka kazini anavuka ua, anapanda ngazi mbilimbili, anaingia Wodi ya Wanawake kummwagia mama yake habari za siku nzima, na sauti za watu anaziigiza, na mikogo yao pia.

Mama yake, Bi Tausi, analala kitanda cha dirishani. Saratani ilimwanzia kwenye titi la kushoto, ikakatwa, ikaondoka, ikarudi, na sasa imehamia begani, mkono umevimba hata bangili haiingii. Alikuwa anasubiri zamu yake kwenye mashine ya mionzi. Nchi nzima ina moja tu, iko hapo hapo Hospitali Kuu, jengo la chini, na zamu yake Bi Tausi ilikuwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

"Na mimi nimo kwenye hao wasio na neno?" akauliza Bi Tausi.

"Umo, Mama! Nimekuingiza mwenyewe!"

"Na mimi je?" Huyo ni Bi Kidawa, kitanda cha pili, mwanamke mnene wa zamani ambaye ugonjwa umembakishia mdomo tu. "Maana jana nimelia kama mbuzi wa sikukuu. Nikadhani naumwa. Kumbe sijambo! Si mngeniambia mapema, nikapumzisha koo?"

Wodi ikacheka. Hata nesi akacheka, akageukia ukutani asionekane.

Bi Tausi akamvuta mwanawe akae. "Haya. Habari za kazini?"

"Nzuri."

Bi Tausi akamtazama, akasema, "Ila?"

Hiyo ilikuwa yao wawili, tangu Zamda yuko shule ya msingi. Anarudi, anaulizwa habari za shule, anajibu nzuri. Mama, mwiko mkononi, haondoki. "Ila?" Hapo ndo vinatoka: ila kalamu imeibiwa, ila mwalimu kanichapa, ila Mariamu hataki tena kukaa na mimi. Bi Tausi alikuwa anajua kitu ambacho wizara nzima ilikuwa haijui. Katika nchi ile kila mtu anaanza na nzuri, na anayetaka habari yenyewe inabidi asubiri.

"Ila Tume inakuja," Zamda akasema. "Tume ya Tathmini. Wanakuja kukagua rejista yetu."

*

Nchi yenyewe jina lake hatulitaji. Si siri. Serikali iliomba tu lisitumike ovyo, lisije likachakaa kabla ya sherehe za uhuru. Itoshe kusema ni nchi ya watu wenye adabu sana. Ukimkuta mtu nyumba yake inaungua, ukamsalimia, "Habari za hapa?", atakujibu, "Nzuri, karibu," atakusogezea kigoda ukae, ndipo aseme, "Ila kama unavyoona, tunaungua kidogo."

Zamani hali za wagonjwa wa saratani zilikuwa zinaandikwa na madaktari. Balaa lilikuwa hapo. Madaktari wana mwandiko mbaya na roho ya kukatisha tamaa: "imesambaa", "amechelewa kuletwa", "hakuna dawa stoo". Takwimu zikifika wizarani, Waziri anazisoma anakosa hamu ya kula, na Waziri asiyekula ni aibu kwa taifa. Ikaundwa kamati. Kamati ikajifungia hotelini mpaka mapishi yakawaishia wapishi, ikatoka na waraka uliobadilisha historia ya tiba: *Mwenye hali ni mgonjwa. Basi aulizwe mgonjwa.*

Utaratibu ukawa rahisi ajabu. Karani anakwenda kitandani na kishikwambi. Anasalimia, kwa sababu hata serikali ina adabu. Jibu la kwanza la mgonjwa linaingia kwenye kisanduku kilichoandikwa HALI. La kwanza tu, kwani kisanduku chenyewe ni kifupi, kilichorwa na mkwe wa Katibu Mkuu siku ambayo alikuwa anawahi harusini. Neno moja limekijaza, na kishikwambi kinasema kwa sauti tamu ya kike: "Hali imepokelewa. Asante kwa ushirikiano."

"Habari za leo, mama?" "Nzuri." Imepokelewa.

"Umeamkaje, baba?" "Salama." Imepokelewa.

Wodi ya Wanaume alikuwapo mzee ambaye koo lake lina bomba, hawezi kusema. Alipoulizwa habari akapepesa macho. Bwana Mwinshehe, Mkuu wa Rejista, akapiga simu wizarani kuuliza hiyo ni nini. Wakakaa kikao. Wakajibu: kupepesa ni nzuri.

Na waliokufa? Eeh, hapo ndo kamati ilionesha usomi wake. Aliyekufa hasemi kitu ukimsalimia. Asiyejibu salamu hawezi kusemwa kwamba hali yake mbaya, maana hajasema. Wakatengewa sehemu yao nyuma kabisa ya rejista, chini ya maneno *Hakutoa ushirikiano*, na hawaingii kwenye hesabu ya taifa.

Zamda mwanzoni hakuona shida. Kwanza ni kazi, na kazi hakuna mitaani. Halafu yeye anapenda watu, anapenda kusalimia, na wagonjwa walikuwa wanampenda. "Karani wetu huyoo!" wanasema akitokea. Mpaka siku aliyofika kitanda cha dirishani, akamkuta mama yake mzazi kalala hapo, kaletwa na majirani bila yeye kuambiwa, asije akashindwa kazi kwa mawazo. Kishikwambi mkononi, sare mwilini, akasema, "Habari za leo, Mama?"

Na Bi Tausi, mbele ya watu, akatabasamu. "Nzuri, mwanangu."

Hali imepokelewa. Asante kwa ushirikiano.

*

Tume ikaja na magari meusi yaliyooshwa mpaka nzi wanateleza. Mwenyekiti wake, Profesa Lukelemba, alikuwa mwanamume mrefu, mpole, sauti ya chini, miwani ya kamba. Watu walitegemea mkali. Kumbe yule akiingia mlangoni anamwamkia hata mfagiaji.

Walikagua rejista juma zima. Walipima kisanduku cha HALI kwa rula. Walihesabu ni visanduku vingapi vimejaa, vikaonekana vimejaa vyote. Walitaka kujua kama taarifa zinaingia kwa wakati, wakakuta jibu linaingia kabla hata mgonjwa hajamaliza kusema. Wakataka kuona kama majibu yanalingana, na yakalingana mno: nzuri ya Wodi ya Wanawake ilikuwa sawasawa na nzuri ya Wodi ya Wanaume. Mjumbe mmoja akatokwa na machozi. Alisema kazungukia rejista nyingi duniani na hajawahi kuona utulivu wa namna hii.

Siku ya kusoma matokeo Zamda aliitwa ukumbini kugawa soda. Ndivyo alivyoyasikia yote, trei mkononi.

"Ndugu zangu," alianza Profesa Lukelemba, "nimesimama mbele ya rejista bora. Na rejista ikiwa bora, inakupa ujasiri wa kuamua. Tumejiuliza: mashine ya mionzi inafanya nini katika hospitali ambayo wagonjwa wake wote hawajambo?"

Mtu akafungua soda, ikalia *psss*.

"Inakaa bure," Profesa akajijibu. "Inakula umeme. Jirani zetu hapo ng'ambo wana wagonjwa wenye hali mbaya sana. Rejista yao imejaa vilio kurasa zote. Ni watu wasiojua kuficha, wakiulizwa wanasema. Tume inapendekeza mashine hii wapewe wao, kama zawadi ya ujirani mwema."

Makofi! Bwana Mwinshehe alipiga makofi huku amesimama, tai yake nene inarukaruka. Alikuwa mtu wa neno "kimsingi", na hapo akalitumia mara tatu ndani ya sentensi moja. "Kimsingi, Mwenyekiti, kimsingi sisi, kimsingi, tunashukuru."

Zamda hata hakujijua kwamba kaweka trei chini na kunyoosha mkono.

"Samahani, Profesa. Wale wagonjwa wanasema nzuri kwa adabu tu. Mtu amekuamkia, utamjibu nini?"

Profesa akamgeukia bila hasira hata chembe. Hilo ndilo lilikuwa baya kwake, ungetamani akufokee. "Binti yangu, unataka kuiambia Tume kwamba wananchi ni waongo?"

"Hapana, ila—"

"Hapana," mwandishi wa kikao akaandika, akaweka nukta.

Profesa akaendelea. "Lakini sisi si watu wa pupa. Kanuni inasema mashine haihamishwi endapo yupo mgonjwa hata mmoja ambaye, akiulizwa na Tume ana kwa ana, atasema hali yake ni mbaya. Mmoja tu. Kesho asubuhi tutapita wodini tujisikilizie wenyewe."

Zamda hakungoja chupa tupu. Alivuka ua anakimbia.

*

"Mmoja tu, Mama! Neno moja! Anakuja, anakuuliza habari, unamwambia mbaya, basi, mashine inabaki, Jumatatu unaingia!"

Bi Tausi akamtazama mwanawe kama kamkuta anakula mbele ya wageni bila kuwakaribisha.

"Mgeni kaja mpaka kitandani kwangu. Kaniamkia. Nimwambie mbaya?"

"Ndiyo."

"Hata hajakaa?"

"Mama, hakai. Ukijibu tu, kashapita."

"Nilikulea hivyo mimi, Zamda?"

"Mama, si matusi! Ni ukweli!"

"Ukweli una pa kuusemea. Unamkaribisha mtu kwanza. Nzuri, karibu. Halafu taratibu..."

"Hakuna halafu! Kisanduku hakina halafu!"

Bi Kidawa akajiinua kwa kiwiko. "Jamani, hii kazi nipeni mimi. Kama mlivyonizoea, mimi na aibu tuliachana zamani. Nitamwambia mbaya, mbaya mno, mbaya mpaka akatubu. Njoo, Karani, jifanye Profesa."

Basi Zamda akavaa miwani ya nesi, akajirefusha, akashusha sauti, akaja pole pole kwa mwendo ule ule wa Profesa, mikono nyuma. Wodi nzima ikawa inaziba midomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba!"

"Habari za hapa?"

"Nzuri tu, karibu, watoto hawaja— aah!" Bi Kidawa akajipiga kofi la mdomo. "Imenitoka! Haki ya Mungu imenitoka yenyewe! Rudia."

Wakarudia. Ikatoka "salama". Wakarudia tena. Ikatoka "namshukuru Mungu". Kitanda cha nyuma mama mmoja akasema na yeye ajaribu, akajibu "safi kabisa", akalia kwa kicheko mpaka dripu ikatikisika. Ilikuwa raha, yaani mtu akipita nje angedhani kuna sherehe ya kumtoa mwari. Wanawake wazima, wameumwa mpaka nywele zimewaondoka, na hakuna hata mmoja anayeweza kutoa neno moja fupi mdomoni.

"Zamda," Bi Tausi akaita. "Njoo kwangu."

Zamda akaja, miwani puani, bado anacheka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Habari za hapa?"

Bi Tausi akashika shuka kwa mkono ule mzima. Akatazama dirishani, akarudisha macho.

"Mbaya," akasema.

Wala hakupaza sauti. Aliisema kama mtu anayemwambia mwenzake chumvi imekwisha. Lakini kicheko kikakatika wodi nzima, papo hapo. Zamda akasimama na miwani ya watu usoni. Ni mtakwimu, amesoma, faili la mama yake kashalifungua mara nyingi, anajua kila kilichoandikwa humo. Ila ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo kwa mdomo wa mama yake.

"Ndiyo hivyo?" Bi Tausi akauliza. "Nimelisema sawa?"

"Sawasawa, Mama."

"Basi usilie. Mpe nesi miwani yake."

*

Asubuhi Tume ikaingia. Na hebu sikia walivyoingia: walivua viatu mlangoni. Profesa Lukelemba alishika mfuko wa machungwa, akawa anamwekea kila mgonjwa chungwa mezani kwa mikono miwili, na anainama, shikamoo mama, shikamoo bibi, poleni jamani. Wangekuja na kiburi pengine ingekuwa afadhali. Mtu wa kiburi ungemjibu. Huyu utamjibu nini?

Nyuma yake Bwana Mwinshehe, nyuma yake wajumbe, nyuma yao Zamda na kishikwambi.

Kitanda cha kwanza: "Nzuri, baba." Wajumbe wakapiga makofi kidogo.

Cha pili kutoka mlangoni: "Salama, asante kwa chungwa." Makofi.

Kwa Bi Kidawa, Zamda akamkazia macho. Bi Kidawa akamkazia na yeye. Akavuta pumzi. Kifua kikapanda.

"Shikamoo, mama. Habari za hapa?"

"Mmm," akaanza Bi Kidawa, midomo imeshafumbwa kwa ajili ya lile neno. "Mmm... mmeamka salama, baba? Nzuri! Nzuri tu!" Akafunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatetemeka, na wajumbe wakadhani ni furaha. Makofi makubwa.

Kikabaki kitanda cha dirishani.

Bi Tausi alikuwa kajiandaa. Alimwomba nesi amfunge kilemba kizuri. Alikuwa kakaa wima, mto mgongoni, mkono uliovimba kauficha chini ya shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Profesa akaweka chungwa. Halafu akakitazama kile kitanda, akalitazama dirisha, na akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba: akakaa. Akakaa ukingoni, kama mtoto wa nyumbani.

"Mama yangu alilala hapa," akasema. "Kitanda hiki hiki. Ugonjwa huu huu."

"Pole, mwanangu," Bi Tausi akasema.

"Nilikuwa napita kila siku nikitoka kazini. Namuuliza, habari za leo mama? Ananiambia nzuri. Mpaka siku ile yenyewe, asubuhi, aliniambia nzuri." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Watu waliniambia aliteseka sana. Mimi siamini. Angeteseka, angeniambia. Si ndiyo, mama? Angeniambia?"

Zamda alitaka kupiga kelele. Hakuweza. Alimwona mama yake akimtazama yule mwanamume mzima, msomi, mwenye mvi, aliyeizunguka dunia kukagua rejista za watu kwa sababu ya jibu moja la mama mmoja. Alimwona anamhurumia. Na akajua, pale pale, kwamba wameshindwa.

"Habari za leo, mama?" Profesa akauliza. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Bi Tausi akatoa mkono wake mzima, akaushika wa Profesa.

"Nzuri, baba," akasema. "Ila—"

Makofi! Makofi ya wodi nzima, Bwana Mwinshehe mbele, wajumbe wanakumbatiana, mpiga picha anawasha taa, mtu kashaanzisha wimbo. Midomo ya Bi Tausi ilikuwa inaendelea kusogea, lakini sauti haikufika hata kitanda cha pili. Zamda akainamia kishikwambi, akaandika: I, L, A. Kisanduku kikakataa. Akaandika tena. Kikakataa.

"Hali imepokelewa," kikasema kile chombo, kwa utamu wote. "Asante kwa ushirikiano."

*

Mashine iliagwa Ijumaa. Serikali ile ikifanya jambo, inalifanya kwa heshima zote. Mashine ilivalishwa utepe, ikafunikwa bendera mbili, yetu na ya jirani, ikapakiwa kwenye lori refu. Waziri akasema leo tumeandika historia: tumekuwa taifa la kwanza ambalo afya yake imezidi, ikabidi igawiwe. Rejista ikapewa kombe. Bwana Mwinshehe alilipokea kwa magoti, akasema kimsingi hana la kusema, akasema kwa muda mrefu.

Profesa Lukelemba hakuhutubia. Alisimama pembeni, miwani mkononi, na Zamda alipopita na trei ya mkasi wa kukatia utepe alimsimamisha. "Binti, yule mama wa dirishani, aliposema nzuri, alitaka kuongeza kitu?"

Zamda akamtazama. Angeweza kumwambia. Lori lilikuwa bado halijawashwa.

"Alisema ila," akajibu. "Hukungoja."

Profesa akafungua mdomo. Pale pale Waziri akatokea, akamshika bega, "Profesa! Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, Mheshimiwa," akasema Profesa, upesi, kabla hata hajageuka. Wakaondoka pamoja.

Lori likakwama getini. Tao la KARIBU HOSPITALI KUU lilikuwa fupi kuliko mashine. Wakaita mafundi, wakalivunja tao kwa nyundo, na KARIBU ikaanguka chini na chokaa yake. Bendi ikaendelea kupiga ili watu wasisikie nyundo. Lori likapita, likazunguka jengo, likaenda chini ya madirisha ya wodi.

Na wagonjwa, jamani. Wagonjwa walikuwa wameambiwa kuna mgeni anaondoka. Mgeni akiondoka unamsindikiza, hata kama ni kwa macho. Waliokuwa na uwezo wa kusimama wakasimama madirishani, wengine wameshikwa na manesi, na vibendera vya karatasi walivyogawiwa, wakawa wanavipunga. Walipunga mpaka lori likaisha machoni.

Zamda, huko chini, hakunyanyua macho kutazama dirisha la mama yake. Alilifunga pazia yeye mwenyewe asubuhi, akamwambia Mama jua kali leo.

*

Kupanda ngazi siku hiyo alipanda moja moja.

Wodi ilikuwa kimya. Bi Kidawa kajigeuzia ukutani, anajifanya kalala, na mtu yeyote anayemjua alikuwa anajua kwamba Bi Kidawa halali hivyo, Bi Kidawa akilala anakoroma. Chungwa la Profesa lilikuwa bado liko mezani kwake, halijamenywa.

Zamda akakaa kwenye kiti. Akaipanga pochi magotini. Akaitengeneza tena. Akaanza kuhadithia, haraka haraka, kama kawaida yake: viatu vya Waziri, Mama, ungeviona, vimechongoka mpaka vinamtangulia! Na Mwinshehe na kombe lake, analibusu kama mtoto! Akaigiza tai. Akaigiza bendi. Akaigiza tarumbeta lililopotea njia. Bi Tausi akacheka, kwa sauti ndogo, mkono mzima umeshika bega lile jingine ili kicheko kisilitikise.

Kilemba alikuwa bado kakifunga. Pazia, ambalo asubuhi lilikuwa limefungwa, lilikuwa wazi. Na chini ya mto kulikuwa kumechomoza kijiti chembamba, na kwenye kijiti kipande cha karatasi ya rangi, cha bendera, kimekunjika.

Zamda akakiona. Akaacha kuigiza tarumbeta.

Bi Tausi akafuata macho ya mwanawe, akakisukuma kile kijiti ndani kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayerudisha uzi uliochomoza kwenye nguo ya mgeni. Halafu akamtengenezea kola ya sare.

"Haya," akasema. "Habari za kazini?"

"Nzuri, Mama."

Nje mafundi walikuwa wanazoa kifusi cha tao. Bi Tausi akangoja. Alikuwa na subira siku zote, hata enzi zile za mwiko na chungu jikoni.

"Ila?"

Zamda akafungua pochi, akaifunga. Huyu ambaye habari haimkai tumboni. Huyu anayeanza kusimulia tangu mlangoni.

"Ila... ni ndefu, Mama. Nitakuhadithia kesho."

Bi Tausi akaushika mkono wa mwanawe, akaupigapiga kidogo, akafumba macho.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ila kesho uwahi."